Deni Lililofutwa na Mpaka wa Kibanja

Somo la mwezi kwa Wakristo wa Bukoba na Muleba

Yasomwe kwanza: Mathayo 18:15–35, Luka 19:1–10, Waefeso 4:25–32.



Somo la mwezi huu ni juu ya neno ambalo kila Mkristo hulikiri kwa kinywa chake, tena mara nyingi kuliko neno lingine lolote. Asubuhi twaomba tusamehewe, na jioni vivyo hivyo. Katika Sala ya Bwana twalitaja, katika Imani ya Mitume twalikiri, na mbele ya Meza ya Bwana twatangaziwa. Lakini neno hili hili, likitoka mlangoni mwa kanisa na kuingia katika migomba yetu, mara nyingi hupotea njiani. Basi na tulitafute mahali lilipopotea.

Mimi mwandishi nitaanza na aibu yangu mwenyewe, maana si haki kumwonyesha mwenzangu kibanzi huku boriti ikiwa jichoni mwangu.

Baba yetu alipofariki, wazee wa ukoo walitugawia kibanja, mimi na kaka yangu, wakapanda milamula mpakani kama ilivyo desturi ya nchi yetu. Kila Mhaya aujua mti huu, na jina lake hutukumbusha kuamua hukumu. Ulipopandwa, neno limekwisha. Baada ya miaka michache, msimu wa mvua, niliona milamula miwili imesimama upande wangu, si mahali nilipoizoea. Sikuuliza. Nilisema moyoni, "Kaka ameninyang'anya." Tangu siku hiyo nilipita njia ya juu ili tusikutane kisimani. Naye zamani aliniita kwa jina la utoto; sasa, tukikutana kanisani, aliniita "Mwalimu" tu, kama aniitavyo mgeni. Miaka minne ilipita hivyo. Na katika miaka hiyo yote nilikuwa nikifundisha darasa la Kipaimara.

Siku moja tulifika ombi la tano katika Katekisimo. Mtoto mmoja akasimama, akauliza, "Mwalimu, mtu asiyetaka kumsamehe mwenzake, akisali Sala ya Bwana, ameomba nini?" Nikamjibu kwa maneno mengi. Lakini nilipokuwa nikisema nilijua jibu ni fupi: ameomba asisamehewe. Mtoto yule alikuwa wa kaka yangu.

1. Deni letu ni kubwa kiasi gani?

Petro alimwuliza Bwana amsamehe ndugu yake mara ngapi, akadhani mara saba ni nyingi. Bwana alimjibu kwa mfano wa mfalme aliyefanya hesabu na watumwa wake. Mmoja alikuwa na deni la talanta elfu kumi. Wasomaji wengi hupita hapo upesi, kwa kuwa hatuzijui talanta. Basi na tuhesabu.

Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku moja. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000. Kwa hiyo talanta 10,000 ni dinari 60,000,000, yaani ujira wa siku milioni sitini. Mtu akifanya kazi siku 300 kila mwaka, bila kula hata senti moja ya ujira wake, atalimaliza deni hilo kwa miaka 200,000. Na mtumwa yule alipiga magoti akasema, "Nipe muda, nitalipa yote." Hakujua hesabu yake! Mfalme hakumpa muda. Alimpa zaidi ya alichoomba, akalifuta deni lote.

Kisha mtumwa yule akatoka akamkuta mjoli wake aliyekuwa na deni lake la dinari 100. Tusiseme hiyo si kitu. Ni ujira wa miezi mitatu na zaidi. Bwana Yesu hakusema kwamba makosa ya ndugu zetu ni madogo. Mpaka uliosogezwa ni kosa la kweli. Neno la uongo lililosemwa kwenye kilabu cha pombe ni kosa la kweli. Lakini deni la kwanza ni mara laki sita ya deni la pili. Anayemkaba mwenzake koo kwa dinari 100 hajasahau tu huruma. Amesahau yeye mwenyewe ni nani. Ametoka mbele ya mfalme akiwa mtu huru, naye angali akienda kama mdaiwa anayetafuta fedha.

Hapa pana shina la somo letu. Hatusamehe ili Mungu apate kutusamehe, kana kwamba tunanunua. Twasamehe kwa kuwa tumekwisha kusamehewa. Lakini asiyetaka kusamehe aonyesha kwamba zawadi ile hakuipokea, bali aliiacha mikononi mwa mfalme akaenda zake.

2. Kahawa ya babu zetu na damu ya Kristo

Wazee wetu wa Buhaya walijua kufunga agano. Watu wawili wasio wa ukoo mmoja, wakitaka kuwa ndugu, walikula omukago. Walichanjana, wakatia damu katika buni, kila mmoja akaimeza ile yenye damu ya mwenzake. Ni buni ya kahawa, kwa sababu tunda moja la kahawa hubeba mbegu mbili zilizolala kifua kwa kifua ndani ya ganda moja. Baada ya hayo mtu hakuweza kumnyima ndugu yake wa omukago chakula, wala malazi, wala msaada siku ya vita. Kuuvunja omukago kulihesabiwa kuwa jambo la kutisha, lenye laana ndani yake.

Askofu Josiah Kibira, aliyezaliwa katika nchi hii mwaka 1925, akawa Askofu wa dayosisi yetu tangu 1964 hata 1984, aliufikiri sana uhusiano wa ukoo na Kanisa. Kitabu chake juu ya Kanisa, ukoo na ulimwengu kilitoka mwaka 1974. Mwaka 1977, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni, Mwafrika wa kwanza kushika kazi hiyo. Mtu huyu aliyeketi na mataifa yote hakuona haya kufikiri juu ya desturi za nyumbani kwao.

Nasi na tufikiri. Omukago ulifunga wawili. Wa tatu alibaki nje. Agano la Kristo lawafunga wote waliobatizwa. Katika omukago kila mmoja alitoa damu yake, sawa kwa sawa. Katika agano jipya damu ni ya mmoja tu, nasi hatukutoa kitu. Tena omukago ulikuwa kwa rafiki. Kristo alikufa kwa ajili yetu tulipokuwa adui. Ikiwa babu zetu waliogopa kumnyima ndugu kwa ajili ya tone la damu ya mwanadamu, je, sisi tunywao kikombe cha Bwana tutamnyima ndugu yetu salamu?

3. Msamaha katika nyumba

Watu husema kwamba ulimi na meno hukaa pamoja, lakini hukosana. Nyumbani ndiko mahali pa kwanza pa kujifunza, kwa kuwa ndiko makosa yanakorudi kila siku. Yule wa barabarani utamsamehe mara moja, naye akaenda zake. Mke au mume utamsamehe asubuhi, na jioni atahitaji tena.

Mtume Paulo awaonya Waefeso wasiache jua lizame na hasira yao. Neno hili lina akili nyingi. Hasira ya saa moja ni kama moto wa jikoni. Hasira iliyolala usiku huota mizizi kama magugu, na kesho hung'oki kwa mkono. Wazazi na wajifunze pia kuwaomba watoto wao radhi. Baba aliyempiga mtoto bila kosa, akamwambia, "Mwanangu, nilikosa, unisamehe," hakupoteza heshima yake. Amemfundisha mtoto Katekisimo ambayo hatasahau.

Katika mkoa wetu wa Kagera pana nyumba zilizopitia mtihani mkubwa zaidi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa katika Tanzania walitambuliwa mkoani hapa mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata, nyumba nyingi zilibaki na bibi na wajukuu tu. Mume alimshutumu mke, mke alimshutumu mume, na ukoo ukatafuta mchawi. Lakini walikuwako pia waliouguzana hata mwisho, wakiombana radhi kitandani. Leo dawa zipo, na mgonjwa azitumiaye vema aweza kuishi miaka mingi na kulea watoto wake. Lakini dawa ya hospitali haiponyi shutuma. Kwa hiyo Kanisa lina kazi yake: kumtembelea mgonjwa bila kumwuliza aliupata wapi.

4. Msamaha kwa jirani na mgeni

Mwishoni mwa mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia katika nchi yetu upande wa kaskazini wa mto Kagera. Watu waliuawa, ng'ombe wakachukuliwa, daraja la Kyaka likavunjwa. Vita vikaendelea hata Kampala ikatwaliwa tarehe 11 Aprili 1979. Leo watu hupita Mutukula kila siku, huku na huku, wakiuza na kununua. Lakini mwenye kufiwa hakumbuki kama akumbukavyo mwenye duka. Kwake yeye tuseme hivi kwa upole: hukuambiwa usilie, wala usikumbuke. Umeambiwa usimdai mtoto wa jirani deni la askari ambaye hata hakumjua.

5. Msamaha si kifuniko cha uovu

Hapa hatuna budi kusema wazi, kwa kuwa neno la msamaha laweza kutumiwa vibaya, hata na wazee wa kanisa.

Mjane amefiwa na mumewe. Ndugu za mume waja, watwaa kibanja, watwaa kahawa iliyoanikwa uani. Mjane akilia huambiwa, "Wewe ni Mkristo, samehe tu." Ndugu msomaji, neno hili si Injili. Anayelisema amsaidia mwizi kubeba mzigo. Torati yamlaani asogezaye mpaka wa jirani yake, nayo yamlaani pia apotoshaye hukumu ya mgeni, yatima na mjane (Kumbukumbu la Torati 27:17–19).

Zakayo alipopokelewa na Bwana, hakusema, "Nimesamehewa, basi yamekwisha." Alisimama akaahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Msamaha ulikuja kwanza, bure. Marejesho yakafuata, kama tunda lifuatavyo ua. Lakini ua lisilozaa kabisa, hata msimu upite, lina kasoro.

Tukumbuke pia hukumu iliyotolewa na Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Mwanza mwaka 1990. Mwanamke mmoja wa Kihaya alirithi shamba kwa babaye kwa wosia, naye mwaka 1988 akaliuza. Mtu wa ukoo wake akamshtaki, kwa kuwa desturi haikumruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Jaji akaamua kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume katika jambo hilo, kwa kuwa Katiba yakataza ubaguzi. Basi, ikiwa mahakama ya dunia imeona hivyo, Kanisa lisione hafifu zaidi. Mjane aweza kumsamehe shemeji yake moyoni na huku akienda kwenye baraza kudai kibanja cha watoto wake. Mambo haya mawili hayapigani. Msamaha wakataza kisasi, haukatazi haki. Kadhalika mke apigwaye aweza kusamehe, na hata hivyo akae mahali pa salama mpaka toba ya mume ionekane kwa matendo.

6. Walivyofundishwa wazee wetu katika Uamsho

Mwaka 1929, mjini Kampala, daktari Mwingereza Joe Church alikutana na Mganda Simeoni Nsibambi, wakasoma Neno na kuomba pamoja. Kutoka Gahini katika Rwanda, alikofanya kazi daktari huyo, moto wa Uamsho ulienea, na kabla ya mwaka 1940 ulikuwa umefika kwetu Bukoba. Watu walitubu mbele za watu. Walirudisha vitu walivyoiba, wakalipa madeni ya zamani, waume wakaungama kwa wake zao. Waliita hayo kutembea nuruni, kwa kulifuata neno la Yohana katika waraka wake wa kwanza, 1:7.

Hatusemi kwamba hawakukosa. Wako waliowahukumu wale wasiosimama kushuhudia kama wao, na makundi yakatokea katika sharika. Hata msamaha waweza kufanywa kuwa majivuno. Lakini jambo moja walituachia nasi tusilipoteze: waliona kwamba dhambi iliyofichwa ni kama jipu, na ya kuwa ndugu hawezi kuwa ndugu akiwa amevaa kinyago. Wao walikwenda hata mlangoni kwa mtu. Sisi mara nyingi twasubiri mtu aje mlangoni kwetu.

7. Jinsi ya kuanza

Bwana ametupa njia yenye hatua (Mathayo 18:15–17). Kwanza, nenda wewe na yeye peke yenu; usianze kwenye soko wala kisimani. Asiposikia, chukua mmoja au wawili. Asiposikia tena, ndipo Kanisa. Sisi twaigeuza njia hii: Kanisa lote lajua kwanza, na mwenye kosa ajua mwisho.

Tena Bwana asema kwamba ukiwa na sadaka mkononi, ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache hapo, uende kwanza kupatana naye (Mathayo 5:23–24). Angalia: hakusema ukikumbuka neno ulilo nalo wewe juu yake, bali neno alilo nalo yeye juu yako. Nami neno hili lilinishika.

Baada ya swali la yule mtoto sikulala. Asubuhi nilikwenda kwa kaka. Njiani nilikuwa nimepanga maneno ya kumsamehe, maneno mazuri sana. Nikamkuta akiokota majani makavu chini ya migomba. Nikasema, "Kaka, nimekuja kwa habari ya milamula. Nimekusamehe." Akaninyamazia kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwalimu, siku nilipomzika mke wangu, ulisoma somo kanisani kwa sauti nzuri. Nyumbani kwangu hukufika. Niliweka kiti chako, kikakaa kitupu hata usiku."

Wapenzi, nilikuwa nimekwenda kama mfalme anayefuta deni, nikakuta ni mimi mwenye talanta elfu kumi. Nikapiga magoti pale pale kwenye majani, sikuwa na neno ila kuomba radhi. Naye akaniinua, akaniita kwa jina la utoto wangu. Akaingia ndani, akaleta kahawa ya kutafuna katika kibakuli, kama apewavyo mgeni wa heshima, tukatafuna pamoja kimya.

Baadaye tuliwaita wazee wa ukoo waitazame milamula. Mmoja ulikuwa umesogezwa kweli. Kaka alikiri, akaung'oa mwenyewe, akaurudisha. Wa pili haukuwa umesogezwa kamwe. Baba aliupanda pale pale zamani, nami kwa hasira nilikuwa nimesahau. Miaka minne nilikuwa nimemdai kaka hatua mbili za ardhi ambazo hazikuwa zangu.

Martin Luther alianza zile hoja zake 95 za mwaka 1517 kwa kusema kwamba maisha yote ya mwamini ni toba. Sikulielewa neno hilo darasani. Nimelielewa chini ya migomba.

Maswali ya kufundishia

1. Deni la talanta elfu kumi latufundisha nini juu ya neema? Kwa nini Bwana hakusema kwamba deni la mjoli ni bure?

2. Omukago na agano la Kristo vyafanana wapi, na vyatofautiana wapi?

3. Mjane aliyenyang'anywa kibanja akija kwako, katekista, utamwambia nini juu ya msamaha, nawe utamsaidiaje kupata haki yake?

4. Yuko nani mwenye neno juu yako? Jibu la swali hili lisisemwe darasani. Lipelekwe mlangoni kwake.

Ndugu yangu, kabla ya Meza ya Bwana ya mwezi huu, pita njia ile uliyoiacha kwa ajili ya ugomvi. Ukifika, usipange maneno mengi. Na ukikuta kiti chako kingali kitupu, keti.

Neema na iwe nanyi nyote. Amina.